Chini ya Kovu

Miiba ilikuwa mitatu, imetoka mahali pamoja, na ule wa katikati ulikuwa mwekundu, mrefu kuliko kidole changu cha shahada. Niliitazama mara mbili kwa kuwa macho yangu siyaamini sana. Ilikuwa imeota usawa wa goti, upande wa shina unaotazama nyumba, palepale nilipopitisha tupa juzi nikaondoka nikijisifu. Siku mbili tu! Mti mwingine ungeona haya. Huu wetu haujui haya, na mimi niliyeulea nilipaswa kulijua hilo kabla ya siku ile.

Maana siku ile ilikuwa siku ya Mpima. Mpima Kivuli hupita mara moja kwa mwaka, adhuhuri, nyumba hadi nyumba. Akikuta mwiba, mti hung'olewa na mwenye nyumba hupelekwa Uwanja Mweupe. Huko hakuna mti, hakuna ukuta, hakuna wingu. Hapigwi mtu huko wala hatukanwi. Anaachwa chini ya jua, basi, na wote tunajua kwamba wenye nguvu zao huchukua siku nne. Mwenye nyumba yetu ni mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi iliyofungiwa vitumbua. Yeye hangefika siku ya pili.

Niseme kidogo juu ya mti wenyewe, kwa sababu mji wetu hauelezeki bila huo. Tunauita mgunga wa asali, kwa ajili ya maganda yake marefu yanayopinda, yenye nyama tamu ambayo watoto huitafuna mpaka midomo inanata. Kila nyumba huupanda siku anapozaliwa mtoto, hatua kumi na mbili kutoka ukutani, upande wa magharibi, ili jua la mchana likiinama likutane nao kwanza. Miaka miwili ya mwanzo unaumwagilia bila kuchoka. Baada ya hapo unajitafutia wenyewe. Vijani vyake ni vidogo mno, vikianguka vinazama ndani ya ukoka na hakuna haja ya ufagio. Na kivuli chake kina matundu. Jua linapenya, linatua chini vipande vipande, na majani ya ukoka yanaishi chini yake kama yanavyoishi mahali pengine. Wageni husifu sana jambo hili. Kivuli gani hiki chenye huruma, husema, kisichoua nyasi!

Nami nilisifu, miaka mingi. Kisha siku moja nimelala chali chini yake, usingizi haujanichukua vizuri, nikauona mnara wa mji kupitia matundu yale. Kama mimi nauona mnara, nikajiambia, mnara nao unaniona. Ndipo nilipoelewa kwa nini wenye mji hawakutupatia mti wa majani mazito. Walitupatia baridi kidogo, wakabaki na uwezo wa kuona nani ameketi na nani, na wanakula nini, na nani kati yao analia. Je, mtu aliyefunikwa na kivuli kisichomficha amefunikwa? Nimelizungusha swali hili kichwani hadi limelainika, na jibu bado sina.

Ama miiba. Mgunga wa porini umevaa miiba shina zima, mingine mirefu kama kiganja, imegawanyika mitatumitatu. Mafundi wa miche husema zamani, kabla ya mji, palikuwa na mnyama mkubwa aliyekula miti ile, akaiegemea na kuivunja, akamenya maganda kwa meno. Mti ukajitetea. Baadaye mnyama akaondoka au akafa, na miiba ikaendelea kuota. Mji ulipojengwa, ukatangaza kwamba mnyama hayupo na hakuwahi kuwapo. Basi mwiba ukawa uchochezi, kwa kuwa kila mwiba unasema: yupo anayekula. Ndiyo maana Mpima anapoingia kwako huapa kwanza, "Mimi si mnyama, na mkono wangu ni shahidi." Halafu huweka kiganja kitupu juu ya shina na kukishusha taratibu kutoka begani mwake hadi kwenye mizizi, macho yakiwa juu kwenye majani, kwani kulitazama shina ni kuishuku nyumba, na adabu haimruhusu. Akimaliza huwaonyesha majirani kiganja chake na kusema "Safi!" nao hujibu "Safi!" Mkono uliochomwa ni mkono wa mnyama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na tulikariri tukiwa tunachezea maganda.

Lakini kama mnyama hayupo, mti unamkumbuka nani?

Jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema ni kwamba mgunga usio na miiba hauna mizizi yake. Fundi huchukua kikonyo laini, akakibebesha juu ya shina la mwitu, akafunga kwa utepe, na baada ya miezi vinashikana. Pale vilipoungana panabaki kovu, uvimbe mdogo usawa wa kifundo cha mguu. Juu ya kovu ni mti wa mji. Chini ya kovu ni porini. Ukipogoa, pogoa unavyotaka, lakini usikate chini ya kovu, kwa sababu kitakachochipua hapo hakitakuwa mti ulioupanda.

Mimi nilikata. Miaka saba iliyopita upepo uliupasua mti wetu katikati, na mama akatoka nje akapiga magoti mbele ya ule mpasuko akawa analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake kabla wala baada. Sikuweza kukivumilia. Nikachukua msumeno nikakata chini kabisa, usawa wa ardhi, ili asiuone mpasuko tena. Kwa mapenzi tu! Sikufikiria kovu hata kidogo. Chipukizi lilipotoka lilitoka kwa kasi ya ajabu, na kabla ya mwaka kwisha likavaa miiba. Tangu hapo nimekuwa mtu wa tupa na kisu. Kila siku ya tatu nazunguka shina, nakwangua, napaka udongo kwenye vidonda. Mpima amepapasa mara saba na mara saba amesema safi.

Nilikwenda kuchukua kisu. Niliporudi, mama alikuwa ameshaweka kigoda chake chini ya mti, ameketi, ameegemeza mgongo kwenye shina, kanga yake ya mabegani imeifunika miiba yote mitatu.

"Mama, inuka kidogo."

"Nimeketi sasa hivi."

"Kuna kitu nyuma yako nataka kukitoa."

"Nakijua," akasema. "Kinanichoma mbavuni. Kiache."

Kutoka mwanzo wa mtaa ikasikika sauti ya Mpima, nzito, yenye kuridhika. "Safi!" Majirani wakajibu. Nyumba ya kwanza ilikuwa imepita. Kati yetu na yeye zilibaki nyumba sita.

Adhuhuri ya mji wetu haina urefu maalumu. Huanza Mpima anapotoka mnarani, na huisha anapomaliza nyumba ya mwisho. Mwaka mmoja alikawia sana, na mtoto wa jirani aliyekuwa bado hajakaa akaota meno mawili, na jua lilikuwa bado limesimama utosini. Kwa hiyo sijui nilisimama pale na kisu mkononi kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba zilisikika "Safi!" mbili nyingine.

"Mama, wakiuona watakupeleka Uwanjani. Unanielewa? Wewe, si mimi."

"Nimezeeka, sijapumbaa."

"Basi inuka!"

"Usinipigie kelele. Bi Sikitu anatusikiliza."

Kweli. Bi Sikitu, jirani yetu wa upande wa pili, alikuwa ameweka viwiko juu ya ukuta, ambao kisheria hauruhusiwi kuvuka kifua cha mtu mzima. Alikuwa ameshatandika shuka lake jeupe chini ya mti wake, tayari kwa ukaguzi, maana Mpima kwanza husoma matundu ya kivuli juu ya kitambaa cheupe. Alikitazama kisu changu, akaitazama kanga ya mama, akanitazama mimi.

"Mama Mwajabu, leo mnapogoa siku ya Mpima?" akauliza. "Haya, hongereni. Wengine tulimaliza juzi."

Mwanamke yule anaweza kukuulizia hali ya mgonjwa wako kwa namna inayokufanya uhisi ni wewe uliyemlisha sumu. "Safi!" Nyumba ya nne. Nilichuchumaa mbele ya mama nikashika magoti yake.

"Kwa nini leo?" nikamwuliza kwa sauti ya chini. "Miaka saba nakata, hujasema neno. Kwa nini leo?"

Mama akasema kitu ambacho katika nyumba yetu hakijawahi kusemwa, ingawa sote wawili tulikilalia na kukiamkia.

"Mwajabu alikufa," akasema. "Alikuwa na miaka sita. Homa ilimchukua siku tatu."

Nilijua. Nani asiyejua? Nyumba inayofiwa na mtoto huletewa mwingine kabla matanga hayajavunjwa, huletwa kutoka huko nje ya mji, umri uleule au unaokaribia, akapewa jina lilelile, kitanda kilekile na mti uleule. Hakuna mtoto anayekufa katika mji wetu. Jina langu ni Mwajabu, na nina miaka thelathini na mitano ya Mwajabu. Yangu mwenyewe siijui. Kuna siku ambazo nazikumbuka na hazikunitokea mimi: naikumbuka siku nilipotambaa kwenye ukoka huu, na haiwezekani, kwa kuwa nilipoletwa hapa nilikuwa natembea tayari. Nilijua yote haya jinsi mtu anavyojua kwamba ana ini. Lakini kuambiwa na yeye, kwa mdomo wake, jua limesimama utosini na Mpima yuko nyumba ya tano, kulinifanya niyaachie magoti yake.

"Ulikuwa unauma," mama akaendelea. "Siku ya kwanza ulinishika mkono huu kwa meno, nikadhani utaondoka na kidole. Ulikuwa unalia kwa lugha yenu. Ukitaka uji, unauita kwa jina la kwenu. Nami nilikuwa naushika uji mkononi, unapoa, sikupi mpaka uuite kwa lugha yetu. Siku ya kwanza hukula. Ya pili hukula. Ya tatu ukauita kwa lugha yetu, nikakupa, nikaenda chumbani nikashukuru. Nikashukuru, mwanangu! Nilikukata hivyo, kidogo kidogo, mpaka ukawa laini."

"Safi!" Sita.

"Nilikuwa naitwa nani?" nikauliza.

Alianza kuokota vijani vya mgunga kwenye magoti yake.

"Mama. Jina langu nililokuja nalo lilikuwa nani?"

"Sikukuuliza."

"Hukuuliza?"

"Niliogopa ungenijibu."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira, na nasema wazi ilikuwa hasira ya kumpiga mtu. Miaka mingi nimembeba mama huyu mgongoni nilipohitajika kumbeba, nimemkanda miguu, nimemtafunia nyama, na kumbe kulikuwa na swali la maneno mawili ambalo hakuwahi kulifikisha mdomoni. Na papo hapo, ndani ya hasira ileile, nilitaka kumficha. Nilitaka kuukata mwiba, kumkokota ndani, kumfunika kwa kila shuka lililokuwamo nyumbani. Nani alikuwa anataka nini? Mwajabu alitaka mama yake aishi. Yule mwingine, wa chini, alikuwa anataka miiba ikae. Na wote wawili walikuwa wanatumia mkono wangu mmoja wenye kisu.

Niliuingiza mkono nyuma ya mgongo wake. Akaubana kwa mwili wake wote, mwiba wa katikati ukamwingia, nikasikia pumzi yake ikikatika, lakini hakusogea.

"Nimechoka kukata," akasema.

"Safi!" Ilikuwa karibu mno. Ilikuwa nyumba ya Bi Sikitu. Nikatupa kisu ndani ya ukoka, nikatandika shuka jeupe chini ya mti, na mlango wa ua ukagongwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba."

Bwana Mbaruku, Mpima wetu, ni mtu mnene, mpole, ananukia sabuni. Wapima hawaruhusiwi kushika jembe wala kuchota maji, na viganja vyao hubaki laini kama vya watoto wachanga. Majirani walikuwa wamejaa juu ya kuta, kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, Mama Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Tupishe kidogo, mama, tusikucheleweshe na chakula chako."

Mama akainuka. Akainuka kweli, taratibu, akiushika mkono wangu. Kanga yake haikuinuka naye. Ilikuwa imenaswa kwenye miiba, ikabaki imening'inia shinani, imeificha, na mama akasogea pembeni mabega wazi, mtulivu, utadhani ameitundika mwenyewe ili ikauke.

Bwana Mbaruku aliitazama kanga, akawa tayari kusema kitu, halafu adabu ikamkumbusha asilitazame shina. Akasoma madoa ya jua juu ya shuka, akaridhika. Akainua mkono wa kulia.

"Mimi si mnyama, na mkono wangu ni shahidi."

Akainua macho kwenye majani. Kiganja kikagusa gome.

Begani. Sema. Ukisema, mama amekwisha. Kifuani. Usiposema, mama amekwisha. Miaka saba nimelikwangua shina hili usiku na mchana ili mkono huu upite, na sasa unapita, polepole, mkono wa mtu ambaye hajawahi kuumizwa na kitu. Tumboni. Hana hili wala lile. Anawaza chakula. Kiunoni. Mwambie baba wa watu asimame! Yule wa chini amenyamaza, ndani yangu hakuna anayepumua, hata Mwajabu. Kiganja kikaingia chini ya kanga.

Hakupiga kelele. Mabega yake yaliruka kidogo, basi. Macho yake yalibaki yanatazama majani, yakajaa maji, na mkono ukabaki palepale chini ya kanga kwa muda ambao mtu angeweza kuota meno. Kisha akautoa. Ulikuwa umefungwa ngumi.

"Safi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Walisubiri kiganja.

Nilikuwa karibu naye kuliko wote, nikayaona macho yake yaliposhuka kutoka juu na kukutana na yangu. Nilitarajia ghadhabu. Nilichokiona ni hofu, hofu tupu, ya mtu aliyetoka kuambiwa jambo juu yake mwenyewe. Akifungua mkono, mti wetu una mwiba na mama anakwenda Uwanjani. Lakini akifungua mkono, mwiba umemchoma, na mkono uliochomwa ni mkono wa nani? Watoto wote wa mtaa walikuwa wanajua jibu kwa moyo. Tone likaanguka juu ya shuka, katikati ya madoa ya jua, jekundu.

"Mkono, Bwana Mbaruku," akasema Bi Sikitu kutoka ukutani. Sauti yake ilikuwa tamu kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikumchukia. "Mbona mkono hatujauona?"

"Nimesema ni safi."

"Tumesikia, baba. Tunataka kuona."

"Nimesema safi!" Ngumi akaiweka kwapani. Doa likaanza kupanuka kwenye kanzu yake. Akageuka kwa mama haraka, kwenye lile swali la mwisho ambalo kila nyumba huulizwa na ambalo hufunga ukaguzi, na alilisema kama mtu anayetafuta mlango. "Mama, mti huu ni wa nani?"

Miaka yote mama hujibu, "Wa Mwajabu, na Mwajabu huyu hapa," nami huinamisha kichwa, na Mpima huenda zake. Siku ile mama alinyamaza. Bi Sikitu alinyamaza. Kuta zote zilinyamaza, na Bwana Mbaruku akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, akijua hawezi kutugusa bila kufungua mkono, nasi tukijua hivyohivyo. Hakuna aliyemzuia. Mlango ukafungwa nyuma yake, na adhuhuri ikabaki wazi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuifunga.

Mama aligeuka akanishika uso kwa mikono yake yote miwili. Mgongoni mwake, nilikuwa nimeliona alipoinuka, palikuwa na tundu dogo linalovuja damu.

"Unaitwa nani?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Nilitafuta jina. Nilitafuta chini kabisa, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuingiza mkono, na jina sikulikuta. Nilichokikuta kilikuwa neno jingine, fupi, la mtoto wa miaka sita, na lilinitoka kwa sauti kubwa mbele ya mtaa mzima kabla sijajua maana yake.

Mama alilielewa. Alipita juu ya shuka jeupe, akaingia jikoni kuniletea uji.